Mistari Mitatu ya Chiriku

Kila Jumamosi, akishafua sare zake, Chiriku alikwenda kumsaidia shangazi yake, daktari wa mifugo. Jina hilo la utani alilipata kwa maneno mengi. Kumfunga mdomo ilikuwa kazi kubwa kuliko kumfunga mbuzi.

Shangazi alikuwa akijaribu dawa ya kutuliza wanyama. Badala ya kuichoma kwenye msuli, aliichoma mgongoni, penye uti, ili miguu ya nyuma ya mbuzi ife ganzi naye akiwa macho. Chiriku alikabidhiwa saa, sindano na karatasi. Kwa dakika arobaini na tano, kila baada ya dakika tano, amguse mbuzi mguuni kwa ncha ya sindano, kisha aandike: anahisi, au hahisi.

Alianza vizuri. Baada ya dakika ya thelathini akasikia wenzake wakiruka kamba nje ya lango, naye akawafuata. Aliporudi, muda ulikuwa umekwisha na mistari mitatu ya mwisho ilikuwa mitupu. Mbuzi alikuwa amesimama, anatafuna majani. Hata hivyo Chiriku akaandika haraka: hahisi, hahisi, hahisi.

Jumamosi iliyofuata mfugaji mmoja alimleta beberu wake aliyechanika paja. Shangazi akaisoma ile karatasi, akamchoma dawa mgongoni, akaanza kushona. Nusu saa ilipopita, beberu alipiga ukelele, akatetemeka mwili mzima mikononi mwa Chiriku. Shangazi akaacha kushona papo hapo, akachoma dawa ya kawaida ya ganzi kuzunguka kidonda, ndipo akamaliza.

“Nisamehe, mzee wangu,” alimwambia mfugaji. “Nimekadiria vibaya. Kosa ni langu.”

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia kwa shangazi yake kuomba radhi kwa kosa lisilo lake.

“Si wewe, shangazi,” alisema, macho chini. “Niliandika bila kupima. Nilikwenda kucheza.”

Shangazi hakumgombeza. Alimpa kalamu na ile karatasi, naye, mbele ya mfugaji, akafuta mistari mitatu na kuandika kila mahali: sikupima.

“Ungeniachia nafasi tupu, ningerudia jaribio, basi,” shangazi alisema taratibu. “Kutojua si aibu, mwanangu. Lakini mnyama hawezi kuniambia kwamba umenidanganya. Yeye hulia tu, tena akishaumia.”

Chiriku akamfungulia mfugaji lango. Siku hiyo hata neno la kwaheri hakuwa nalo.