Tambara la Lokomotivu Namba Saba

Uzi wa kwanza Donat aliutoa kinywani siku ya Jumanne, saa sita na nusu ya mchana, jua likiwaka na watu wakipita nje, kwa hiyo asije mtu akasema alikuwa anaota. Alitia tonge la bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya mihogo, akatafuna, akahisi kitu kimenasa kwenye jino. Akavuta. Kikaja cheusi, chenye utelezi, kikazidi kuja, shubiri nzima ya uzi wa nguo uliolowa mazut, mafuta ya dizeli, na kuoza kama utumbo wa samaki.

Mkewe, Wivine, alisukuma sahani yake kando.

"Baba Delphine, ile iko nini?"

"Iko uzi tu. Labda ya kitambaa yako ya jikoni."

"Jikoni yangu haina mazut." Aliunusa, akageuka haraka na kutema mate nje ya mlango. "Inanuka nyama. Nyama ya kuungua."

Donat alijua vizuri harufu ile ilitoka wapi. Ndiyo maana alinyamaza, na ndiyo maana mimi, nikuambie tangu mapema, simwonei huruma sana.

Mwaka ule wa 1953 alikuwa karani wa shimo moja la shaba nje kidogo ya Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Kazi yake ilikuwa kitabu cha rapport. Kila zamu ilipopanda kutoka chini, wanyapara walimweleza yaliyotokea, naye akayaandika kwa mwandiko ambao hata mapadre waliusifu. Mara nyingi aliandika herufi tatu tu: R.A.S. Ni Kifaransa, rien à signaler. Kambini watu walisema, "Hakuna mambo."

Sasa, kule chini kulikuwa na lokomotivu ya mazut, namba saba, iliyovuta mabehewa ya mawe. Bomba lake la mazut lilikuwa na ufa, likidondoka juu ya bomba la moshi lililokuwa jekundu kwa joto. Badala ya kuleta bomba jipya, walifunga ule ufa kwa tambara na waya. Tambara lilikunywa mazut, likashiba, likawaka. Wakalizima kwa mchanga, maana mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa pale ulikuwa mtupu tangu Pasaka. Kisha wakafunga tambara jingine.

Mara ya kwanza Donat aliuliza aandike nini. Shefu, Mzungu mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, alimwonyesha ubao uliokuwa mdomoni mwa shimo: siku 210 bila ajali. Zikifika mia tatu, wakubwa wangekuja kumvisha nishani. Na shefu huyo huyo ndiye angetia sahihi barua ya Donat ya kuomba karti ya mérite civique, ile ya Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Donat akaandika R.A.S. Moto wa pili, R.A.S. Wa tatu hakuuliza tena.

Moto wa nne ulimshika dereva, Ngosa. Walipomvuta, ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye mpini wa breki, nyeupe, laini kama utando wa juu ya maziwa. Mtu akaifuta kwa tambara, na tambara hilo hilo, Mungu atusamehe, likafungwa tena kwenye bomba kwa sababu jingine halikuwepo. Siku ya tatu Ngosa akafa. Kitabuni: R.A.S. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Donat alidhani lisilosemwa halipo.

Na Jumatatu iliyokuwa inakuja, dereva mpya wa namba saba angekuwa Liévin, mdogo wake Wivine, wa tumbo moja.

Jumatano nyuzi zilikuwa tatu. Alhamisi Wivine alifunua mtungi wa maji ya kunywa akakuta mafuta yametanda juu. Maji ya baraka aliyopewa na padre yalikuwa meusi kabla hajafika nayo nyumbani. Upande wa Donat wa kitanda ulilowa jasho lililonata vidole, na kila alipocheua, mtoto wao Delphine alikimbilia nje kutapika. Kichefuchefu kiliingia nyumba ile kikakaa kama mgeni asiyeaga.

Jioni hiyo, kabla ya jua kuzama, Liévin alipita akiwa na furaha ya kazi mpya.

"Shemeki, niambie kweli. Ile mashini saba iko muzuri? Bantu banaogopa kuiongelea."

Donat alitaka kusema. Nasema kweli, alitaka; alimpenda kijana yule. Alifungua kinywa aseme usipande, Liévin, kataa, itakuunguza. Ulimi ukalala kwa uzito, umelowa, kama si wake, na sauti ikatoka:

"Hakuna mambo."

Liévin akacheka, akaenda zake. Donat alibaki ameshika koo lake kwa mikono miwili.

Ijumaa saa nne asubuhi aliteremka shimoni mwenyewe, jambo ambalo makarani hawalifanyi. Majini ya mjini hungoja usiku. Lile la shimoni lina usiku wake saa zote. Namba saba ilisimama peke yake kwenye njia ya pembeni, injini baridi tangu siku ya Ngosa. Alisikia tone. Kimya. Tone. Kisha akasikia sauti nyingine katikati ya matone, sauti ndogo ya kumeza, na alipoinua taa yake aliliona tambara kwenye bomba likinywa, likivimba na kunywea, mikunjo yake ikifunguka kama midomo ya mtu mwenye kiu, na ndani ya mikunjo ile kulikuwa na kitu cheupe chenye mistari midogo midogo ya kiganja, na mistari ile ilijikunja kama inamwita, na harufu ikamwingia puani, kooni, tumboni, nyama na nywele na mafuta yaliyooza, mpaka akapiga magoti na kutapika juu ya viatu vyake mwenyewe, na alipokuwa bado anatapika tambara lilimwambia, polepole, kwa sauti yake yeye Donat, ile sauti nzuri ya kusoma Waraka kanisani:

"Karani. Andika kama desturi."

Alipanda juu mkojo ukimtiririka miguuni.

Wivine ndiye aliyeamua. Jumapili mchana alikitia kile kitabu cha rapport kwenye kikapu, akakifunika kwa majani ya sombe, akamshika mumewe mkono mpaka mtaa wa Albert, upande wa Waislamu. Donat alijivuta njia nzima.

"Bataniona kwa muganga. Mutu mwenye kungoja karti haende kwa muganga."

"Karti njo itakuzika?" Wivine alimjibu bila kugeuka. "Tembea."

Mwalimu Feruzi alikuwa fundi cherehani aliyejua pia kutoa majini, ukoo wake wa Kasongo kule Maniema, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Aliwafungulia, akavuta pumzi mara moja, akafunika pua kwa kofia yake.

"Subhanallah. Mama, umeniletea mutu ao choo?"

Hata hivyo aliwaingiza. Alichoma ubani, akasoma, akasoma tena, na Donat akaanza kutetemeka juu ya mkeka huku mate meusi yakimtoka pembeni mwa mdomo. Feruzi aliinama sikioni mwake.

"Weye nani? Sema jina."

"Hakuna Mambo," ikajibu sauti.

"Nasema jina!"

"Njo jina yangu. Huyu karani njo alinipa. Alinibatiza mara ine mu kitabu yake."

Wivine alianza kulia kimyakimya. Feruzi hakurudi nyuma, lakini sauti yake ilishuka.

"Unakula nini?"

"Mambo yenye bantu habaandike." Likacheua, na chumba kizima kikanuka. "Nilikula Ngosa. Kesho nitakula Liévin."

Feruzi alisimama, akafuta jasho. Alichukua hirizi aliyokuwa ameandaa akaitupa kwenye kikapu cha vipande vya nguo.

"Hii haitoke na hirizi. Jina iliingia na wino, itatoka na wino. Mama, mupe kitabu. Karani, andika ile uliona."

Donat alishika kalamu. Mkono ukaenda wenyewe, ukachora R. Wivine akamshika kifundo cha mkono kwa nguvu zake zote za kutwanga, akaubandua mkono ule karatasini, na mumewe akaanza upya chini ya ile R. Aliandika *moto*. Kitu kikapanda kooni. Aliandika tarehe nne za mioto minne, bomba lenye ufa, mtungi mtupu, na kila neno lilisukuma kile kitu juu zaidi, mpaka ncha nyeusi ya kitambaa ikachungulia katikati ya meno yake, na Wivine, akilia na kutapika, akaikamata kwa mikono miwili akavuta, naye Donat akiandika bila kuona, machozi yakidondoka juu ya karatasi, *Ngosa aliungua, Ngosa alikufa kwa moto, mimi karani nilijua*, na kwa neno hilo la mwisho tambara zima lilichomoka, refu kama mkono wa mtu, likaanguka sakafuni kwa kishindo cha kitu kilicholowa. Ngozi ya kiganja ilikuwa imeganda ubavuni mwake.

Feruzi alilifunika kwa sufuria, akazungushia mchanga.

"Nimeshona sanda mingi," alisema, uso umempauka. "Sijaona kitambaa muchafu kama hii." Akatoka uani, wakamsikia akitapika. Aliporudi alimnyooshea Donat kidole. "Imetoka kwako. Sikusema imekufa."

Usiku huohuo Liévin aliusoma ukurasa ule mara mbili, akaketi chini. Jumatatu alikataa kupanda namba saba. Kitabu kiliporudi ofisini shefu naye aliusoma, akiwa amesimama, wala hakupiga kelele. Aliuchana taratibu kando ya rula, akaukunja, akautia mfukoni. Kisha akamwita karani wa pili, Adalbert, kijana mpole aliyemheshimu Donat kama kaka, akamwekea kitabu na kalamu mbele aandike upya. Ubao ulisema 294. Kabla ya jua kufika kati, Donat na Liévin walikuwa nje ya kambi na magodoro yao. Karti nayo ikafa hapo.

Walipata shamba huko Kasungami, nje ya mji. Donat alikula bukari bila kuchunguza tonge, Delphine akarudi kulala kifuani mwake, na Liévin alilima matuta ya mihogo akiimba vibaya. Kwa juma zima Donat alimsikiliza akiimba na kushukuru.

Jumapili Adalbert aliwatembelea, amevaa koti. Alitoka kwenye karamu ya shefu. Siku mia tatu zilikuwa zimetimia. Alileta nyama iliyofungwa kwenye karatasi, akakaa kwenye kigoda, akala kidogo pamoja nao. Katikati ya kutafuna alisita, akaingiza vidole mdomoni, akavuta kitu chembamba cheusi na kukipangusa kwenye suruali.

Wivine aliinuka akamchukua mtoto, akaenda naye mbali.

"Adalbert," Donat alisema polepole. "Nani anaendesha saba?"

"Mudogo yangu, Kalaba. Anaanza kesho."

"Na bomba? Balibadirisha bomba?"

Adalbert alifungua kinywa. Midomo yake ilihangaika, macho yakamjaa machozi, akashika koo lake kwa mikono miwili, na Donat, aliyeijua ishara ile, alijirusha mbele kumziba mdomo. Alichelewa.

"Hakuna mambo," ikasema sauti, safi, ile ya kusoma Waraka kanisani.

Liévin aliyekuwa akilima nyuma ya nyumba, asiyeweza kuwaona, aliacha kuimba.

"Shemeki," akaita, "unasema nini?"

Donat hakuwa amesema kitu.