Picha Nzito ya Kiti Chepesi

Mama Pacha alikuwa fundi seremala, tena fundi hasa. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Alipopiga randa, pacha wake waliokota maranda wakajivisha ndevu. Alipokata kwa msumeno, mumewe alimshikia ubao. Baba Pacha hakujua useremala, lakini kwa kushika ubao hakuwa na mpinzani.

Kazi nzuri kuliko zote ilikuwa kiti kidogo. Mmoja wa pacha alizaliwa na mgongo dhaifu. Hakuweza kukaa bila kushikwa. Mama yake akamtengenezea kiti chenye mikono na mkanda, chepesi hata pacha mwenzake alikibeba. Mtoto akakaa mezani, akala mwenyewe. Siku hiyo Baba Pacha alilia, wala hakujificha.

Lakini sifa hazijazi chungu. Wateja walipungua. Mama Pacha akapata kazi kwenye kiwanda cha samani, mji wa mbali. Angewaona watoto mara chache kwa mwaka. Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, na kila mtu alilipita bila kulitazama.

Ndipo wakasikia habari. Kituo cha watoto wenye migongo dhaifu kilitafuta fundi wa viti. Kituo chenyewe hakikuwa mbali. Fundi atume picha ya kazi yake kwenye tovuti yao, kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo.

"Mke wangu, hii kazi ni yako," alisema Baba Pacha.

Akapiga picha ya kiti kwa simu. Nyuma ya kiti zikaonekana nguo kambani, na soksi zake zenye matundu. Akaziondoa kwa programu ya simu. Kiti kikabaki peke yake, safi. Akaituma picha. Tovuti ikajibu: "Picha ni kubwa mno. Isizidi megabaiti mbili."

"Kiti kimejaa mno kwenye picha," alisema Mama Pacha. "Nipe simu."

Wakakiweka kiti mlangoni. Yeye akavuka barabara, akapiga picha kutoka ng'ambo. Kiti kikaonekana kama sisimizi. Baba Pacha akaisafisha tena kwa ile programu, akaituma. Ikakataliwa.

"Kiti chenyewe hakionekani, na bado ni kikubwa?" alishangaa Mama Pacha.

Baba Pacha akaona jina la picha linaishia na PNG. Akafuta herufi hizo, akaandika JPG. Wapi! Ikakataliwa vilevile.

Kuuliza si ujinga. Wakaenda kwa jirani yao, Mama Picha, aliyekuwa na duka la kuchapa picha na kadi. Alipowasikiliza, alicheka mpaka akashika meza.

"Jirani yangu, ungerudi nyuma mpaka wapi? Ungepanda basi?" Kisha akahamishia picha zao kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. "Hawasemi ukubwa wa kiti. Wanasema uzito wa faili, yaani nafasi inayochukua. Hii ina megabaiti kumi na nne! Ile programu imeihifadhi kwa muundo wa PNG. PNG haitupi kitu. Inafaa kwa maandishi, michoro na nembo. Picha ya kamera ina rangi nyingi, basi inakuwa nzito."

"Na JPG?"

"JPG inatoa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni kwa urahisi. Ni kama wewe na randa. Ubao unapungua uzito, lakini unabaki ubao."

Mama Pacha akafikiri. "Lakini maranda hayarudi kwenye ubao."

"Hapo umenena! Ndiyo maana hatufuti picha ya asili. Tunatengeneza nakala."

"Mbona mimi niliandika JPG ikakataa?" aliuliza Baba Pacha.

"Shemeji, ukiandika 'mvule' juu ya ubao wa boksi, utakuwa mvule? Jina halibadilishi kitu."

Akaifungua ile picha ya kwanza, ya karibu. Akachagua "Hifadhi kama", kisha JPG. Kompyuta ikauliza ubora. Akaushusha sana kwanza, ili waone. Picha ikaota madoa.

"Ukiibana kupita kiasi, inaharibika," alisema. Akarudi kwenye picha ya asili, akachagua ubora wa themanini kwa mia. Faili likawa megabaiti moja na nusu. Akaikuza picha. Kila kiungo cha mbao kilionekana.

"Mikono yako imebarikiwa, fundi," alisema Mama Picha taratibu.

"Na yako pia," alijibu Mama Pacha, na alisema kwa moyo wote.

Wakaituma. Tovuti ikajibu: "Imepokelewa."

Baada ya siku chache simu ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo. "Tuliikuza picha yako," alisema. "Tuliona viungo vimeshikana bila msumari hata mmoja. Hakuna wa kumkwaruza mtoto. Tunakuomba utengeneze viti vya watoto wetu wote."

Mama Pacha akalichukua begi mlangoni. Akamwaga nguo zote kitandani, akajaza futi, randa na patasi. Asubuhi akaondoka nalo kwenda kituoni kupima watoto.

Jioni akarudi nyumbani. Pacha wake walikuwa wanamsubiri, wamemwekea ndevu zake za maranda.