Gauni Lisilo na Pa Kuingilia

Kila alasiri, akishavua sare za shule, Chapuchapu aliingia chumba cha mbele, ambamo mama yake alishona nguo. Huko aliokota pini sakafuni, alikata nyuzi zinazoning'inia na kupiga pasi. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa sababu hata chai aliinywa kabla haijapoa, akaungua, na kesho yake akarudia.

Mwezi ule wateja walikuwa wamepungua. Mama alikuwa fundi hasa, lakini nani alijua? Kibao cha mlangoni kilikuwa kimepauka, naye alishikilia kwamba chema chajiuza. Chapuchapu alimwambia kuwa siku hizi watu hununua kwa macho, na macho yenyewe yako kwenye simu. Mama akacheka, akampa simu yake ajaribu.

Kulikuwa na programu iliyounda picha kwa kuambiwa tu. Chapuchapu aliandika, "Gauni zuri kuliko yote," na kufumba na kufumbua likatokea gauni la buluu linalometameta, limevaliwa na msichana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Bila kumwonyesha mama, akaisambaza picha kwa majirani, jina la fundi likiwa chini yake.

Kesho yake muuguzi wa zahanati ya jirani alifika na kitambaa cha buluu cha bei kubwa. Binti yake alikuwa na mahafali Jumamosi, na alitaka gauni lilelile la kwenye simu. Mama aliitazama picha, akaikuza, akamgeukia mwanawe.

"Wewe ni mtoto wa fundi," alisema. "Hebu nionyeshe, mtu anaingilia wapi humu?"

Chapuchapu alitafuta. Hapakuwa na zipu, kifungo wala mshono, na tundu la shingo lisingepitisha hata kichwa cha mtoto mchanga. Muuguzi akauliza kama kweli huyu ni fundi au ni maneno matupu. Hapo Chapuchapu aliumia moyoni, maana jina la mama yake lilikuwa linachafuka mbele ya macho yake.

"Mama hana kosa, shangazi," alisema. "Picha ilitengenezwa na mashine. Niliituma mimi, na nguo kama hiyo haipo."

Muuguzi akakubali kushonewa gauni linalovalika. Mama alipima, akakata, akaweka zipu mgongoni. Chapuchapu alipinda upindo kwa mkono, polepole, na alipokosea alifumua bila kunung'unika. Ijumaa binti wa muuguzi alilijaribu, akazunguka mbele ya kioo huku akicheka. Chapuchapu na mama waliomba ruhusa ya binti huyo na ya muuguzi, wakamrekodi video. Programu iliongeza maandishi na muziki, lakini gauni haikuligusa, na safari hii mama aliitazama kwanza kabla haijatumwa.

Wiki iliyofuata wateja walijaa hadi benchi la mlangoni halikutosha.

"Nami nilikosea kudhani kibao kinatosha," mama alikiri jioni, akiwa amechoka lakini amefurahi. "Ukikua, matangazo yatamwita kila mtu kwa jina lake, na kumwonyesha nguo ikiwa mwilini mwake kabla haijashonwa. Tutayatumia, na wewe ndiye utakayenifundisha. Ila kumbuka, mwanangu, tangazo ni ahadi, na ahadi ni deni. Mashine itatusaidia kuahidi. Kulilipa deni ni juu yetu."