Kisanduku cha Taisto

Asubuhi Eila alivuta mtego kutoka baharini, akakuta vichwa sita vya samaki aina ya samoni. Vichwa vitupu. Miili ilikuwa imeliwa na sili, wale wanyama wanene wa baharini wenye masharubu.

"Leo tena," alisema, akavitupa ndooni kwa hasira.

Mumewe, Taisto, aliinamia boya. Aliongeza sauti ya kisanduku chake. Kilifungwa kwenye boya la mtego, kipige kelele chini ya maji ili sili wakimbie. Alikiwasha kila alipotega. Mwezi ulikuwa umepita, na sili walizidi kuongezeka. Walielea vichwa juu, wakimtazama.

Taisto aliilaumu mitambo ya umeme wa upepo iliyokuwa ikijengwa baharini. Eti ndiyo iliyowafukuza sili kule wakaja kwake. Eila alichoshwa na lawama hizo. Walishakubaliana kwamba Julai ikiisha bila samaki wazima, mashua inauzwa. Na mashua ilikuwa ya baba yake Eila.

Basi akaenda kwa jirani yao Mirja, ambaye kazi yake ni kupima sauti za baharini kwenye mitambo hiyo. Wakanywa kahawa vikombe vitatu. Aliporudi, Eila alikaa kimya hadi Jumamosi, walipoingia sauna, chumba chao cha mvuke. Humo mtu hagombi, hata achokozwe vipi.

"Mume wangu, kisanduku chako ni kengele ya chakula," alianza. "Sili wameshajifunza. Kikilia, wanajua samaki wapo."

Taisto alimwagia maji mawe ya moto.

"Wanatoa vichwa nje kwa sababu kelele inawaumiza masikio. Wenye njaa wanavumilia, na wanaweza kuwa viziwi."

"Na mitambo je?"

"Nguzo zake zikipigiliwa chini ya bahari, kelele ni kubwa, sili wanahama. Ndiyo maana mafundi wanaanza kugonga polepole, wanyama wapate nafasi ya kuondoka. Wakiacha kugonga, sili wanarudi kulekule. Mitambo ikishajengwa, mlio wake ni mdogo. Anayewaita hapa ni wewe."

"Ungeniambia juzi, jikoni."

"Jikoni ungefoka."

Kisha akamweleza ushauri wa Mirja. Kisanduku kizimwe. Chumba cha samaki ndani ya mtego kiwe na nyavu mbili, wa nje mgumu uliokazwa, ili sili asiweze kuwang'ata samaki kupitia matundu. Mlangoni pawekwe vyuma vya kupitisha samaki, si sili.

Walishona nyavu na kufunga vyuma kwa wiki mbili, Taisto akinung'unika kila siku. Tarehe ishirini na tisa Julai walivuta mtego. Samoni kumi na mmoja, wazima wote. Sili mmoja aliuzunguka mtego, akaenda zake.

Taisto alichagua samaki mnono kuliko wote. "Wa Mirja. Mpelekee."

"Mpelekee mwenyewe. Na umshukuru kwa mdomo wako."

Alikwenda, akarudi upesi mno.

"Umemwambia nini?" Eila aliuliza.

"Nimemwambia, 'Samaki.'"

Eila alishusha pumzi, akaenda kuwasha moto wa sauna.