Ufunguo wa Pili

Kila asubuhi Esinam ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta. Alipangusa vumbi jekundu lililoletwa na upepo wa kaskazini, akawasha mashine kumi na moja, moja baada ya nyingine. Ile ya pembeni haikuwaka mpaka ipigwe kofi mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na shuleni walimwita Profesa, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Ujuzi huo aliupata kwa Shangazi Dzifa, dada wa baba yake, aliyekaa nao pale mjini Ho. Shangazi alikuwa mwanasayansi wa kompyuta. Kazi yake ilikuwa kulinda ujumbe, utoke kwa mtu mmoja ufike kwa mwingine bila wa tatu kuusoma njiani. Wakati huo alikuwa akiwatengenezea manesi wa mkoa njia ya kupashana habari za wagonjwa. Majirani hawakumwelewa vizuri, wakazidi kumletea simu zilizoingia maji. Naye alicheka na kuwaelekeza kwa fundi sokoni.

Muhula ule, Esinam alitengeneza sanduku la barua ndani ya kompyuta za shule, Shangazi akimwelekeza. Mwanafunzi mwenye shida aliandika barua, akaweka jina lake, akaituma. Barua ilijifunga papo hapo, kama kufuli ambalo yeyote anaweza kulibana lakini kulifungua ni mpaka uwe na ufunguo. Ufunguo wenyewe ulihifadhiwa kwenye flashi aliyokaa nayo Madamu Mawuena, mwalimu wa ushauri.

"Ufunguo uwe mmoja tu," Shangazi alisisitiza.

Esinam aliitikia. Kisha akanakili mwingine kwenye flashi ya pili, akaificha kwenye mkebe wake wa kalamu.

Wiki ya tano watoto wakaanza kuugua matumbo. Siku moja madawati tisa yalikuwa matupu. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba tangi la maji ya jikoni linanuka na halijasafishwa tangu mwaka jana. Madamu Mawuena alifikisha malalamiko hayo kwa makamu wa mwalimu mkuu, Bwana Agbeko, aliyesimamia jiko na maji. Jina la mwandishi hakulitaja.

Bwana Agbeko hakwenda kuangalia tangi. Alitaka jina. Madamu alipokataa, akaja chumba cha kompyuta mwenyewe, huku wanafunzi wa klabu ya kompyuta wameketi.

"Profesa," alisema kwa upole, "siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sanduku hili umelitengeneza wewe. Unaweza kulifungua?"

Kafui, rafiki yake, alimkanyaga mguu chini ya meza. "Sema huwezi," alinong'ona. "Nani atajua?"

Neno moja tu, na mambo yangekwisha. Lakini Esinam aliuona mkebe wake wa kalamu pale mezani, naye hakutaka kuongeza uongo juu ya uongo.

"Naweza, bwana," alisema. "Ila sitafungua."

Bwana Agbeko aliinama hadi macho yao yakalingana. "Umesemaje?"

"Walioandika waliambiwa atasoma Madamu peke yake. Hawakuambiwa kwamba na wewe utasoma, bwana. Nikikufungulia, nitakuwa nimewadanganya wote."

"Unajua ninaweza kukufukuza klabu hii sasa hivi?"

"Najua, bwana."

"Haya, toka. Na kesho usikanyage hapa bila mzazi."

Alitoka kichwa juu. Nyuma yake alimsikia mvulana mmoja akisema, "Profesa kakutana na profesa mwenzake," na wengine wakacheka.

Nyumbani, Shangazi Dzifa alikuwa akisonga akple, ugali wa mahindi wa kwao. Alisikiliza yote bila kumkatiza. Esinam alipofika kwenye habari ya mkebe wa kalamu, mwiko ulisimama.

"Nilikwambia ufunguo uwe mmoja."

"Niliogopa Madamu atapoteza wa kwake."

"Hiyo siyo sababu, Esi. Ulipenda kujua kwamba unaweza."

Esinam alitazama chini. Ilikuwa kweli.

Shangazi aliteremsha sufuria, akakaa. "Nikueleze jambo ambalo baba yako mwenyewe halijui. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Accra, kampuni ya simu. Mkuu wangu akaniita, akaniambia niache mlango wa siri ili wasome jumbe za wateja. Akauliza kama inawezekana. Niliogopa. Nikasema haiwezekani kabisa."

"Ikawaje?"

"Alimpa kijana mwingine kazi hiyo, akaimaliza kwa siku mbili. Niliacha kazi, nikajaribu kuwaonya watu. Kila nilipokwenda, mkuu yule aliwaambia, 'Huyu ni mwongo, tulimshika kwa uongo.' Na alikuwa sahihi, nilikuwa nimedanganya. Miaka mitatu hakuna aliyenisikiliza. Wewe leo umesema kweli ukakataa. Hapo umenishinda. Kwenye flashi, umenishinda kwa ujinga. Kesho tutakwenda pamoja, na utazungumza mwenyewe."

Asubuhi, mwalimu mkuu, Bibi Edinam, alikuwa amerudi kutoka safarini. Ofisini waliketi yeye, Madamu Mawuena na Bwana Agbeko. Shangazi alisimama nyuma ya Esinam.

"Mtoto huyu ana kiburi," alianza Bwana Agbeko. "Amenipinga mbele ya darasa."

"Nilikupinga, bwana, na nikiulizwa tena nitapinga," alisema Esinam. "Lakini kuna kosa nililofanya." Akaweka flashi mezani. "Nilinakili ufunguo wa Madamu bila ruhusa. Sikuwahi kuutumia, lakini sikupaswa kuwa nao."

Madamu Mawuena alimtazama kwa huzuni iliyomchoma kuliko karipio. Bwana Agbeko akanyoosha mkono. "Vizuri. Nipe mimi."

Esinam aliwahi. Aliichukua flashi, akaiweka sakafuni, akanyanyua jiwe lililozuia mlango. Alipiga mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka vipande vikaruka chini ya kabati.

"Bibi Mkuu, umeona," alisema Bwana Agbeko, akihema.

"Nimeona," alijibu Bibi Edinam. "Sasa niambie na wewe ulichoona. Tangi likoje?"

Bibi Edinam alimkazia macho.

"Madamu ameniambia siku nne unatafuta aliyeandika. Hujapanda ngazi?"

Walikwenda wote nyuma ya jiko. Bwana Agbeko alipanda mwenyewe, akainua mfuniko, akageuza uso haraka. Aliposhuka alikuwa ameziba pua kwa leso. Ndani mlikuwa na ukoga mzito wa kijani na mijusi watatu waliooza.

"Nilipaswa kupanda muhula uliopita," alisema kwa sauti ya chini.

Mchana ule tangi lilimwagwa na kusuguliwa, na jiko likaanza kuchemsha maji ya kunywa. Baada ya wiki madawati yote yalikuwa na watu.

Esinam hakusalimika vivi hivi. Mbele ya gwaride alieleza kwamba alikuwa na ufunguo wa pili. Baadhi walimzomea. Kafui hakusema naye siku mbili, kwani naye aliwahi kuandika barua. Shangazi na Madamu walibadilisha kufuli lote na kutengeneza ufunguo mpya, na Esinam hakuruhusiwa kukaa chumbani wakifanya hivyo. Kwa majuma matatu sanduku lilikaa tupu.

Siku barua moja ilipoingia, Madamu alimwambia tu kwamba imeingia. Esinam alikimbia nyumbani kumweleza Shangazi.

"Nani kaandika?" Shangazi aliuliza, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Sijui. Wala siwezi kujua."

Shangazi Dzifa akasogeza kompyuta yake, akampa nafasi mezani. "Basi keti tuendelee na somo. Kufunga na kufungua ni ufundi, hata mwizi anao. Mwenye mamlaka akikutaka uvunje amana ya watu, mkatalie usoni, na useme kweli unapokataa. Na ili maneno yako yawe na uzito siku hiyo, anza kwa kujinyima mwenyewe ufunguo usio wako."