Maji ya Seli Kwenye Chai ya Mama

Jirani zangu, nisikilizeni. Nyumba ninayoisema imepakana na yangu, ukuta ni mmoja, na mengi niliyasikia bila kutaka.

Asubuhi ile mama wa nyumba hiyo alikuwa kibarazani na kikombe cha chai, anatabasamu peke yake. Ana kisukari, na kwa miaka mingi alikunywa chai kavu, isiyo na sukari, huku amekunja uso. Safari hii aliinywa mpaka tone la mwisho.

Furaha hiyo aliletewa na mwanawe wa kiume, ambaye mtaani tunamwita Najua, kwa sababu hakuna jambo asilolijua. Najua alikuwa akiosha chupa kwenye maabara inayokuza seli za karoti. Seli hizo zimebadilishwa vinasaba ili zitengeneze protini tamu kuliko sukari, na nia ni kwamba siku moja hata wenye kisukari waitumie. Maneno hayo aliyasikia kwa wakubwa wake huku mikono yake imo kwenye povu, na kwake yalitosha. Chupa za seli zilizokataliwa kabla hazijakomaa alitakiwa azimwage. Yeye akawa anakinga maji yake na kuyapeleka nyumbani, amtilie mama kwenye chai.

"Kunywa, mama. Utamu huu hauna sukari hata kidogo. Ila usimwambie dada, kibarua changu kitaota nyasi."

Utulivu haukudumu. Mama alishikwa na kiu isiyokatika, macho yakaingia ukungu. Binti yake, fundi cherehani, akampima na kukuta sukari imepanda. Kesho yake ilikuwa imezidi.

"Mama, unadokoa sukari."

"Sijaigusa sukari yako, mwanangu."

"Kwa hiyo imepanda yenyewe?"

Binti akaifungia sukari kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Nikamsikia mama analia, mtu mzima, kwa kuitwa mwizi nyumbani kwake. Alikuwa amemwahidi mwanawe kunyamaza, na akanyamaza. Najua naye yupo pale pale mezani, anakula. Jamani, alishindwa hata kukohoa? Aliamini maji yake hayana kosa, na aliogopa kufukuzwa kazi. Tena alipomwona mama mnyonge akamwongezea maji yale, apate kufarijika. Inaniuma mpaka leo.

Kidole cha mguu kikatoka kidonda, kikaanza kuwa cheusi. Siku mama aliposhindwa kuitika tulimkimbiza hospitali.

"Anakula nini? Anakunywa nini?" daktari akauliza.

Binti akaeleza yote anayoyajua. Daktari alipouliza tena, Najua akatoka nje, nami nikamfuata. Akampigia mkuu wa maabara, sauti ya simu ikisikika hadi niliposimama.

"Bosi, yale maji ya seli yana sukari?"

"Sasa seli zinakula nini, ndugu yangu? Tunazikuza ndani ya maji ya sukari. Protini tunaitoa mwishoni kabisa, tena ni kidogo sana. Kwani vipi?"

Najua alirudi ndani akasema kila kitu. Dada yake hakumpiga wala hakumtukana. Aliuvua ule ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha mama, akalia.

Mama aliokoka, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Kibarua nacho kikaota nyasi kweli. Siku hizi Najua ndiye anayempikia chai kavu, na yeye hunywa hiyo hiyo. Juzi nilimsikia mama akimuuliza kwa upole, "Mwanangu, ungeuliza tu siku ile ya kwanza, ungepungukiwa nini?"

FUNZO

Ndugu zangu, usimpe mgonjwa kitu ulichokidokoa kazini eti kwa kuwa umesikia kikisifiwa. Muulize kwanza anayekitengeneza. Na kama umeshampa, sema upesi, hata kama kazi itakuponyoka, maana daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Nanyi mnaouguza wazazi, kabla hamjawaita waongo, ulizeni kila aliyemo ndani ya nyumba. Jibu ambalo lingeuokoa mguu wa mama yule lilikuwa mezani nao kila siku, linatafuna.