Shauku ya Marehemu

Saa tatu na dakika kumi, asubuhi ya Jumatatu, simu ya sita ilipokewa na mwanamke mwenye sauti ya kuchoka.

"Habari za asubuhi, mama. Napiga kutoka ofisi ya utafiti. Alhamisi iliyopita mdodosaji wetu alizungumza na baba wa hapo kuhusu vifaa vipya. Nahakikisha tu kama alifika."

"Alhamisi ipi?"

"Hii iliyopita, mama."

"Alhamisi hiyo mume wangu alikuwa na miezi mitatu kaburini. Labda mlimfuata huko."

Mhakiki alitoa pole, akaomba radhi, akaiweka simu chini taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Kwenye kompyuta, dodoso la marehemu lilikuwa kamili. Miwani ya kutazamia filamu: anaijua. Saa ya kupimia presha: anaijua. Shauku ya kuwa navyo: tisa kati ya kumi.

Miaka kumi na mmoja nyuma aliingia ofisi hiyo kwa ufagio. Mambo ya utafiti alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu alivyookota kwenye taka za wakubwa. Kanuni aliyojiwekea ilikuwa moja: ukikuta dosari, ripoti kwanza, jina lifuate, usije ukapendelea. Basi aliandika ripoti, akaituma kwa Mkurugenzi saa tatu na dakika ishirini na tano. Ndipo akafungua namba ya mdodosaji.

Kumi na saba.

Namba hiyo ilikuwa ya Kidoti, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa na kumwombea kazi hiyo mwezi mmoja tu uliopita. Mhakiki aliitazama ripoti yake mpaka macho yakamuuma. Maji yakimwagika hayazoleki.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa kupima kama watu wanavijua vifaa vipya vya habari na burudani, na kama wana hamu navyo. Orodha ilikuwa na vitu kumi na viwili. Kwa alivyoambiwa Mhakiki, kimoja hakikuwapo duniani: Pazia-Picha, pazia la dirisha linalogeuka televisheni ukilifunga. Kiliwekwa kama chambo, ili ijulikane ni wangapi husema "nakijua" kwa kuogopa kuonekana washamba. Wadodosaji hawakuambiwa, wasije wakacheka mbele za watu. Mhakiki aliambiwa. Katika simu zake aliwahi kumpata mzee aliyeapa kwamba shemeji yake analo, tena la maua. Alicheka hadi machozi. Yeye mwenyewe alitamani kitu kimoja tu katika orodha ile, cha saba: Kalamu-Sauti, inayoandika unachotamka. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimechoka kuandika.

Saa nne aliitwa na Mkurugenzi, mwanamama asiyeinua sauti hata akikasirika. Msimamizi wa wadodosaji alikuwa amekwisha kukaa, jedwali la wiki mapajani, macho mekundu. Ofisi nzima ilimwita Bwana Ratiba, kwa kuwa alikumbuka mpaka siku za kliniki za watoto wa wenzake.

"Madodoso arobaini na nane," Mkurugenzi alisema. "Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, mtaa wa kilimani, yote ya namba kumi na saba. Umehakiki mangapi?"

"Kumi na mawili, Bosi. Hakuna aliyehojiwa. Watatu wanasema walihojiwa mwaka jana."

"Saa kumi mteja anakuja na mwanasheria wake. Nitamkabidhi huyo binti kwa polisi mbele yao, na jina lake litapelekwa kwa kila kampuni ya utafiti. Nisipofanya hivyo, ofisi hii inafungwa."

"Inaniuma," Bwana Ratiba alisema. "Kishikwambi chake cha kujazia madodoso kilivunjika kioo Jumanne. Nilimpigia simu, nikamwambia aazime cha mwenzake. Sikujua atafanya haya."

Kidoti alikuwa amefungiwa stoo, amekalia boksi la karatasi. Alimwona Mhakiki akainuka mbio.

"Mama mdogo, naapa..."

"Usiape, mwanangu. Nijibu tu. Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Bwana Ratiba alinipigia, akasema nipumzike hadi kishikwambi kitengenezwe. Nilirudishiwa Jumamosi."

"Nani alikuona huko?"

"Nguo nilizofua." Alijaribu kucheka, midomo ikakataa. "Watoto wamekwenda shule wakijua mama yao yuko kazini. Niliwaahidi nikidumu hapa tutanunua Pazia-Picha. Sasa wataniona nimefungwa pingu, kwenye simu za watu."

Kalamu ya Mhakiki ilisimama. "Uliwaahidi nini?"

"Pazia-Picha. Si ndiyo nzuri kuliko zote?"

Mhakiki aliliandika neno hilo, akalipigia mstari.

"Mama mdogo, unaniamini?"

Uongo hakuuweza. Alifunga mlango huku akisikia kwikwi nyuma yake, akashuka karakana. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Fundi wa kompyuta alikuwa na sababu yake ya kushukiwa. Mwezi uliopita aliomba kazi ya udodosaji, akapewa Kidoti.

"Kishikwambi namba kumi na saba?" alisema, mdomoni kashikilia bisibisi. "Nilikimaliza Jumatano saa mbili na nusu asubuhi. Nikakifungia kabatini."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi na Bwana Ratiba. Basi. Mle mna orodha za wahojiwa wa mwaka jana, hazichezewi."

"Na nywila ya Kidoti?"

"Nywila zote ninazo. Bwana Ratiba naye anazo. Mbona unaniangalia hivyo, dada? Unanishuku?"

"Namshuku kila mtu."

"Haya, mshuku fundi. Sisi tumeumbwa kubeba lawama." Aliitoa bisibisi. "Kweli, nilinuna waliponinyima ile kazi. Siku mbili. Ya tatu nikasema riziki mafungu saba, ngoja nisubiri Pazia-Picha itoke niwe wa kwanza kuifunga majumbani. Wewe uko juu huko, hebu niambie: itauzwa kwa mita au kwa dirisha?"

Mhakiki aliliandika swali hilo pia. Kisha akapanda ngazi haraka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka.

Alihesabu kwa mkono, mara mbili. Katika madodoso sitini na manne ya mwanzo ya Kidoti, watu kumi walisema wanaijua Pazia-Picha. Kwa wadodosaji wengine ilikuwa vivyo hivyo, mmoja katika kila sita au saba. Katika yale arobaini na nane, hakuna hata mmoja. Alirudia safari ya tatu, kitu kwa kitu, na kwenye cha saba akakunja uso. Akakizungushia duara.

Saa tisa na nusu aliomba wote wakutane kwa Mkurugenzi. Kidoti aliletwa, macho yamevimba. Bwana Ratiba alikuwa akitazama saa yake.

"Bosi," Mhakiki alianza kwa sauti yake ndogo, "binadamu hupenda kuonekana anajua. Ukiuliza watu arobaini na nane, lazima wapatikane wa kumeza chambo. Hapa hakumeza mtu. Aliyejaza alijua chambo ni kipi, akakikwepa, kama mwizi anayeruka ngazi inayolia, na asijue kwamba wenye nyumba wote huikanyaga. Kidoti hajui. Amewaahidi watoto wake. Fundi hajui. Anauliza bei. Wanaojua ni watatu: wewe, Bwana Ratiba, na mimi. Wewe ulikuwa safarini hadi Jumamosi. Mimi sina ufunguo wa kabati."

Bwana Ratiba aliacha kutazama saa.

"Damu nzito kuliko maji, Bosi," Bwana Ratiba alisema. Hakumtazama mtu. "Huyu ni mama yake mdogo. Alimwambia. Na hizo ahadi za watoto ni maneno ya leo, kila mtu anaweza kuyatunga."

Mkurugenzi alimgeukia Mhakiki. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Chini, gari liliegeshwa.

"Ni kweli, ningeweza kumwambia," Mhakiki alisema. "Kwa hiyo nina swali moja. Kitu cha saba, Kalamu-Sauti. Hicho nacho kina sifuri katika yale arobaini na nane. Kwingine kote wapo wanaokijua. Mimi nilidhani kipo. Nimeuliza madukani mara mbili." Aliona aibu kidogo kusema hivyo. "Bosi, Kalamu-Sauti ipo?"

Mkurugenzi alimtupia Bwana Ratiba jicho.

"Haipo. Ni chambo cha pili. Nilikificha hata kwako, ili kumhakiki mhakiki."

"Nani mwingine alijua?"

"Msimamizi peke yake."

"Basi nisingeweza kumwambia mtu nisichokijua."

Jedwali liliteleza mapajani mwa Bwana Ratiba, likaanguka. Hakuliokota.

"Mtaa ule nilipanga kuuhoji mimi mwenyewe, kwa kishikwambi na namba ya Kidoti," alisema hatimaye. "Mke wangu yuko wodini tangu wiki iliyopita, anapumua kwa mashine. Ruhusa mbili nilikwisha kuchukua, ya tatu niliogopa kuomba. Nesi aliniambia nisiende mbali. Nikajaza pale pale, kwenye benchi la wodi, kwa majina ya mwaka jana. Nilijua huwa unahakiki wachache tu."

"Na zile tisa?" Mhakiki aliuliza. "Karibu wote uliwapa shauku tisa."

"Sijui. Nilikuwa nasikiliza ile mashine. Nilitaka angalau watu wa kwenye karatasi wawe na hamu ya kesho."

Mhakiki aliinama, akaliokota jedwali. Kisha akauliza, pole pole vile vile: "Na saa kumi ingefika, ungemwacha mwanangu aende?"

Bwana Ratiba alimtazama Kidoti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ningemwacha," alisema. "Nilijiambia yeye bado kijana, atapata pengine."

Mlango uligongwa. Mkurugenzi alisimama kuwapokea wageni, na Bwana Ratiba akaomba jambo moja: apige simu wodini kabla ya polisi kuitwa. Aliruhusiwa. Alibonyeza namba bila kuzitazama.

Ukumbini, Kidoti alitembea mbele, mgongo umekakamaa.

"Nilikuuliza kama unaniamini," alisema bila kugeuka. "Ukafunga mlango."

"Nilifunga."

"Hukuniamini?"

"Tangu saa tatu hadi saa sita, hapana."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilihesabu."

Kidoti aliteremka ngazi mbili, akasimama. Alikuwa analia tena, kimya kimya, kama mtu ambaye amekwisha kuzoea.

"Watoto nitawaambia nini kuhusu hilo pazia?"

"Ukweli. Kwamba halipo."

"Nawe, ulipoambiwa kalamu yako haipo, ulijisikiaje?"

Mhakiki alisugua kifundo cha mkono.

"Vibaya, mwanangu," alisema. "Vibaya sana."

Kidoti hakuendelea kushuka. Alishika kishikio cha ngazi, akamsubiri.